Unga wa Bi Safina

Siku Kaimu alipomwona Yasmini kwa mara ya kwanza, Yasmini alikuwa amekasirika tangu alfajiri, na kijana wa watu akajileta mwenyewe mbele ya ile hasira, shati jeupe, viatu vyeupe, ndani ya vumbi la stendi ya Nachingwea. Mtu mzima anavaa viatu vyeupe msimu wa korosho! Hapo tu ungejua kwamba hana mke.

Stendi ilikuwa imefurika. Malipo ya korosho yalikuwa yametoka, na yakitoka, kila mtu anakumbuka kwamba anahitaji godoro, sufuria na simu kubwa kuliko ya jirani yake. Wauza mitumba walipiga kelele, redio za maduka zilishindana, na katikati ya vurugu hiyo, chini ya mwavuli wa bluu uliochanika upande mmoja, alikaa Yasmini, fundi simu. Alivaa dera la zambarau na ushungi wa njano uliofungwa nyuma usije ukagusa solda. Uso mzuri, lakini umekunjwa. Wateja walidhani ni maringo. Hawakuiona chupa ya maji ya moto aliyoifunga tumboni kwa kanga, ndani ya dera.

"Samahani dada, fundi yuko wapi?" Kaimu aliuliza.

"Amekwenda kuoa."

"Anarudi saa ngapi?"

"Akishaachwa."

Muuza mitumba wa jirani alicheka mpaka akaangusha suruali za watu. Kaimu akaona bisibisi mkononi mwa Yasmini, akaelewa, akajikuna kichwa.

"Kumbe ndiye wewe."

"Hapana, mimi ni mwavuli. Lete simu."

"Imeingia maji."

"Maji gani?"

"Maji tu, ya kawaida."

Yasmini akaifungua, akainusa, akainua uso taratibu. "Kaka yangu, hii simu imetumbukia chooni."

"Dada, punguza sauti!"

"Mimi nipunguze sauti, harufu nayo ataipunguza nani?"

Hapo Kaimu akacheka. Alicheka kwa moyo wote, mikono kiunoni, bila kujitetea, na hilo ndilo lililomponza Yasmini. Mwanamume anayeweza kujicheka hadharani haonekani kila siku pale stendi. Akamvutia kigoda.

Akamuuliza kazi yake. Kaimu alisema anapima ubora wa korosho kwenye ghala moja la Ruangwa mjini. Anachota kiasi kwenye gunia, anazipasua, anaangalia kokwa. "Gunia linaweza kupendeza kwa nje, ndani kumeoza. Na lingine limechakaa, ndani nyeupe tupu. Sisemi neno kabla sijapasua."

"Afadhali wewe," Yasmini alisema, akapuliza moshi wa solda. "Wenzako wanasema bila kupasua."

Simu ilipowaka Kaimu aliomba namba. Yasmini akajiandika mwenyewe humo ndani: Fundi Asiyecheka. Kabla basi halijafika Ruangwa, Fundi Asiyecheka alikuwa ameshapigiwa mara mbili.

Basi yakaanza. Asubuhi simu, mchana simu, jioni simu, kampuni za mitandao zikanenepa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Kaimu, mimi ni mchumba wako au ni mgeni wa serikali? Ugali na kisamvu."

"Nakuonea wivu hicho kisamvu."

"Hebu toka hapa!"

Lakini kila mwezi ilikuwa ikifika siku simu ya Yasmini inazimwa. Kimya. Mwavuli haupo stendi. Kisha anarudi, sauti imechoka kama mtu aliyetoka safari. Kaimu alivumilia mwezi wa kwanza, akavumilia wa pili, wa tatu akauliza kama wanavyouliza wanaume.

"Juzi ulikuwa na nani?"

"Nilikuwa na tumbo."

"Hilo tumbo linaitwa nani?"

"Usinizingue, Kaimu. Siku zangu zilikuwa zimefika. Naumwa."

"Sasa si wanawake wote wanaumwa? Mama akiumwa anakunywa chai ya tangawizi, anachukua jembe anakwenda shamba."

"Basi muoe mama yako, mlime wote."

Akakata.

Kaimu alipanda pikipiki akaja, amebeba mfuko wa machungwa. Alimkuta chumbani alikopanga, karibu na soko, amejikunja sakafuni, magoti yamegusa kidevu, pindo la kanga kaliuma kwa meno. Kando yake ndoo ya kutapikia. Jasho linamtiririka kama mtu aliyemwagiwa maji. Kaimu alisimama mlangoni na machungwa yake, hajui ayaweke wapi. Mwisho akakaa chini, akamshika miguu iliyokuwa ya baridi, akakaa hivyohivyo mpaka jua likazama.

Kuanzia siku hiyo aliamini kwamba maumivu yapo. Alinunua vidonge, alibembeleza. Ila hakuuliza ugonjwa wenyewe ni nini, unatoka wapi, unafanya nini mwilini. Wanaume wa kwetu wako hivyo: ukimwambia "mambo ya kike", anarudi nyuma haraka kuliko aliyeona nyoka.

Na Yasmini hasira yake ilikuwa na miaka. Alianza kuumwa akiwa bado shuleni, kule Mtua. Mwalimu alisema anakwepa mtihani. Shangazi alisema ukiolewa itaisha. Jirani alisema ukizaa itaisha, kana kwamba mtoto ni panadoli. Mganga alisema jini, akataka jogoo mwekundu, akamla. Kwenye zahanati aliyokwenda alipewa dawa ya minyoo. Hakuna aliyemwambia, "Pole, huu ni ugonjwa." Wote walimwambia, "Huo ndio uanamke," na waliosema kwa sauti kubwa zaidi ni wanawake wenzake.

Kisha ikaja Nachingwea timu ya madaktari wa wanawake. Miongoni mwao alikuwa Daktari Jenifa, mwanamke mfupi, sauti nene, viatu vya raba. Huyo alimsikiliza Yasmini mpaka akamaliza. Alimpeleka hospitali kubwa, wakamlaza usingizi, wakapitisha kamera ndogo kitovuni, na Yasmini alipoamka daktari alikuwa amekaa pembeni ya kitanda.

"Ugonjwa wako unaitwa endometriosisi," alisema. "Utando unaopaswa kuwa ndani ya mji wa mimba, kwako mwingine unaota nje, kwenye mirija, nyuma ya kizazi, mpaka karibu na utumbo. Kila mwezi nao unachokozeka, unavuja, pa kutokea hauna. Ndiyo maana unaumia. Husingizii."

Yasmini akalia. Nesi akambembeleza akidhani ni huzuni.

"Siyo huzuni, dada," Yasmini alisema. "Nina hasira. Miaka yote hii, kumbe ugonjwa una jina!"

Akapewa dawa za kuzuia hedhi isije kwa nguvu. Kupona moja kwa moja hakuahidiwa. Na Daktari Jenifa akamwomba kitu kingine. Walikuwa wanafanya utafiti juu ya bakteria wanaoishi katika njia ya uzazi.

"Kila mwanamke anao," daktari alimweleza. "Wengi wao ni walinzi. Wanatengeneza uchachu, kama wa maziwa ya mgando, na uchachu huo unawafukuza waharibifu. Sasa kwa baadhi ya wanawake wenye ugonjwa kama wako, tunakuta walinzi wamepungua na wengine wamejaa. Hatujajua bado kama hao wengine ndio wanaouchokoza ugonjwa, au ugonjwa ndio unaovuruga makazi yao. Tunatafuta. Ndiyo maana tunaomba majimaji kidogo, kwa kijiti cha pamba."

"Na mimi nifanyeje?"

"Meza dawa. Na humo ndani usiingize kitu. Si sabuni, si shabu, si ndimu, si magome ya mti. Kuacha hakutakuponya endometriosisi, nisikudanganye. Lakini ukiviweka unawaua wanaokulinda na unajichubua bure."

Yasmini alimsimulia Kaimu kwamba ugonjwa umepata jina na dawa. Habari ya kijiti cha pamba hakuitaja. Msichana atasema simuni? Na Kaimu, kwa furaha ya kusikia neno dawa, alisema maneno aliyokuwa ameyabana muda mrefu.

"Yasmini, nataka kuja na wazee."

"Waje kufanya nini?"

"Kutengeneza simu."

"Waambie wasizitumbukize chooni."

Hapo mjue amekubali.

Wazee walikwenda, wakapokelewa na mjomba Hemedy, kaka wa mama yake Yasmini, wakala, wakakubaliana. Lakini ukoo wa kina Kaimu wa Malolo ulikuwa na desturi yake: somo wa kumfunda bibi harusi hutoka upande wa mume. Na somo wa ukoo huo alikuwa mmoja tu, Bi Safina, mama mnene, kanga mpya kila siku, jino la dhahabu, anatembea kama anayesubiriwa. Hakuna mke aliyeingia kwenye ukoo ule bila kupitia mikononi mwake, na bila unga wake. Unga wa nini, alijua mwenyewe. Shabu ilikuwemo, magome yalikuwemo, na siri ilikuwemo.

Alifika Nachingwea na begi lake, akamfungia Yasmini chumbani, akaanza mafunzo. Mengine yalikuwa mazuri na mengine yalichekesha, na Yasmini alicheka mpaka ushungi ukamwanguka. Kisha akatoa pakiti ya nailoni.

"Huu sasa, mwanangu, ndio wenyewe. Unaweka ndani asubuhi na jioni mpaka siku ya harusi. Unakausha, unasafisha, unabana. Mume akija anakuta mlango mpya."

"Bibi, mimi nimekatazwa na daktari."

"Daktari ameolewa?"

"Sijamuuliza."

"Basi hajui kitu."

Yasmini, kwa heshima, kwa sababu alilelewa, alimweleza yule mama yote. Ugonjwa, kamera, kijiti cha pamba, walinzi na waharibifu. Bi Safina alisikiliza huku macho yanazidi kuwa madogo.

"Kwa hiyo daktari amechungulia huko akakuta wadudu."

"Siyo wa ugonjwa wa zinaa, bibi. Ni bakteria wa kawaida. Kila mwanamke anao, hata wewe unao."

"Mimi?" Bi Safina aliinuka. "Mimi Safina? Nimewafunda mama wakwe zako, nimejisafisha tangu navunja ungo, leo mtoto wa stendi aniambie nina wadudu?"

"Sikukutukana, bibi—"

"Mwanamke safi anaogopa unga kwa nini? Anayeogopa unga ana linalomuunguza!"

Akakunja begi, akaondoka na pakiti yake. Alipofika Malolo hakupitia hata nyumbani kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Hadija, mama yake Kaimu, akakaa kitako, akatoa ushahidi: binti ana ugonjwa wa ukeni, madaktari wamemchukua vipimo wakakuta wadudu, na unga ameukataa kwa sababu anajijua. Bi Hadija akashika kichwa. Ikapigwa simu ghalani Ruangwa.

Na yule mpima korosho, asiyesema neno kabla hajapasua, akashika simu palepale, mkono mmoja bado una mafuta ya korosho.

"Yasmini, ni kweli ulipimwa ukakutwa na wadudu?"

"Nilipimwa na daktari. Ni utafiti. Nani amekwambia hivyo?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa naona aibu. Kaimu, siyo unavyodhani."

"Mimi sidhani kitu. Nauliza tu. Uliwapata wapi?"

Yasmini akaweka bisibisi chini. Nje ya mwavuli watu walikuwa wanapita, mteja anangojea chaji.

"Rudia."

"Nimesema... uliwapata wapi. Kwa nani. Kama ni zamani, mimi nitasamehe."

"Utasamehe!" Sauti ya Yasmini ilikuwa ndogo. "Ulinishika miguu nikiwa sakafuni, Kaimu. Ulidhani yale ni malipo ya uzinzi? Korosho ya watu huisemi mpaka uipasue. Mimi, binadamu, umenipangia gredi kwa maneno ya Bi Safina. Usinipigie tena."

"Yasmini, mama amesema ukubali tu unga, mambo yaishe—"

Simu ikakatwa, namba ikafungiwa. Na kwa kuwa alikuwa fundi, aliifungia namba ya Kaimu, ya rafiki yake, ya ghala, na ya mwenye duka anakonunua vocha. Kaimu alipiga kwa kila simu ya Ruangwa mjini, zote zikagonga mwamba. Yasmini akamwambia mjomba Hemedy arudishe posa.

Hapo Ijumaa moja Kaimu akaenda Malolo kumwona mama yake, uso umemshuka. Mlangoni alimkuta dada yake, Zuhra, amelala kwenye mkeka. Zuhra aliolewa Chiola, akarudishwa na mumewe. Sababu iliyosemwa ilikuwa uvivu: kila mwezi analala, hapiki, halimi.

"Ameanza tena mambo yake," Bi Hadija alisema kutoka jikoni. "Mruke upite. Nimeshampa unga wa Bi Safina atie, hataki kuinuka."

Kaimu akatazama. Magoti yamegusa kidevu. Jasho. Pindo la kanga katikati ya meno. Akasimama pale kama aliyepigwa kofi, kwa sababu hakuwa anamwona Zuhra. Alikuwa anamwona Yasmini sakafuni kwake. Kila alichokisikia kwa nusu sikio kuhusu ule ugonjwa kikamrudia, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Akamruka dada yake pale mlangoni, akakimbia nje kutafuta mtandao, akaazima simu za kijiji kizima mpaka akapata moja isiyofungiwa.

"Haloo?"

"Yasmini, usikate. Nimekosa."

"Umejuaje?"

"Nimekosa tu. Nilipaswa kukusikiliza, nikakuhoji kama polisi. Nisamehe, mama."

"Uliyasikia wapi yale maneno?"

"Kwa mama."

"Na nani mwingine aliyasikia?"

"Ukoo wote."

"Basi usiniombe radhi chini ya mti unapopata mtandao. Mjomba anakuja Ruangwa Jumapili kurudisha posa. Nitakuwepo. Kaseme huko, mbele ya wote walionila nyama. Ukiweza kuutaja ugonjwa wangu kwa jina lake mbele ya wajomba zako, nitakusikiliza. Usipoweza, chukueni vitu vyenu."

Jumamosi nzima Kaimu aliwauliza madaktari wa ile timu, mpaka akaelewa ugonjwa ni nini na hao wadudu ni nini. Jumapili ilifika. Kikao kilikuwa Ruangwa mjini, nyumbani kwa mjomba Bakary, mkubwa wa ukoo wa kina Kaimu, mzee wa kanzu ya mistari na heshima zake. Wanaume walikaa sebuleni, kahawa na kashata zinazunguka. Wanawake walikuwa chumba cha pili, pazia la maua katikati, masikio yote yameegemea pazia. Yasmini naye aliingia humo, gauni jeusi, ushungi mwekundu, hakusalimia kwa kuinama sana. Bibi harusi kufuata posa inayorudishwa! Bi Safina alisonya. Bi Hadija aligeuza uso. Zuhra alikuwa pembeni, anapanga sahani za pilau.

Mjomba Hemedy hakuwa ameweka hata mzigo chini Kaimu aliposimama.

"Wajomba zangu, posa isirudi. Mwenye kosa ni mimi. Imesemwa kwamba mchumba wangu ana ugonjwa wa uzinzi. Ni uongo, na mimi niliuamini. Ana ugonjwa unaitwa endometriosisi. Utando wa mji wa mimba umeota nje ya mji wa mimba, na kila anapoingia hedhi—"

Kahawa ya mjomba Bakary ikapita njia siyo. Mzee akakohoa mpaka kofia ikaanguka.

"Kaimu! Hapa wamekaa wazee!"

"Wazee wote wamezaliwa na wanaoingia hedhi, mjomba."

"Astaghfirullah!"

"Kila anapoingia hedhi," Kaimu aliendelea, shingo imejaa jasho, lakini sauti haikushuka, "unachokozeka na unavuja ndani kwa ndani. Ndiyo maana anaanguka. Na hao wadudu mnaowasema ni bakteria ambao kila mwanamke anao. Madaktari wanawachunguza kwa sababu kwa wagonjwa kama yeye wanakuta wamevurugika. Unga ule unawavuruga zaidi. Amekataa unga kwa sababu ana akili. Mimi ndiye sikuwa nazo."

Nyuma ya pazia Bi Safina akapaza sauti: "Tangu lini wanaume wakajua ya kule ndani kuliko somo?"

"Tangu somo alipoyatangaza Malolo nzima!" Yasmini akamjibu, na kule sebuleni mtu mmoja akacheka, akajifanya anapiga chafya.

Mambo yangeishia hapo, watu wale pilau, harusi ipangwe. Lakini sahani ilianguka. Kisha pazia likavutwa, na aliyetokea sebuleni mbele ya wanaume, kichwa wazi, mikono ina mafuta ya wali, alikuwa Zuhra.

"Umesema vizuri, Kaimu," alisema. "Umejifunza wapi?"

"Dada..."

"Ijumaa nilikuwa mlangoni nimeuma kanga. Ulinitazama. Nikasema leo kaka yangu ameniona. Ukaniruka. Umeniruka kama mtu anayeruka gogo, ukaenda kumpigia simu mwenzangu kumwomba radhi!"

"Zuhra, nyamaza," Bi Hadija alisema kutoka ndani.

"Nimenyamaza mpaka nimeachwa, mama! Mume wangu alinirudisha nyumbani akasema mwanamke mvivu, na wewe ukamchinjia kuku. Mjomba Bakary ukamwambia pole. Yeye ndiye aliyepewa pole! Unga nimeutia miaka, unaniwasha kama pilipili, nikikwambia, mama, unasema ndiyo unafanya kazi. Mimi siombi harusi, siombi posa. Nataka mtu mmoja humu ndani aseme kwamba naumwa!"

Mjomba Bakary aliangalia kikombe chake kana kwamba jibu limeganda kwenye machicha ya kahawa.

"Unaumwa, wifi," Yasmini akasema. Alikuwa ameshapita pazia, amesimama kando ya Zuhra, naye machozi ya hasira yanamshuka. "Mimi nasema. Unaumwa."

Bi Hadija akatoka naye, taratibu, kanga imemponyoka begani. "Na mimi nilipewa hivyohivyo," alisema, kama anayezungumza peke yake. "Bi Safina alinipa unga, mama akasema vumilia. Nilidhani ndivyo inavyokuwa." Akamtazama binti yake, akataka kumshika, Zuhra akavuta mkono. Haukuwa wakati wake bado. Miaka mingi haifutwi kwa sahani moja iliyovunjika.

Bi Safina alitafutwa, hakuonekana. Alikuwa ametokea mlango wa uani, ila sahani yake ya pilau aliikumbuka.

Mjomba Bakary akajikohoza. "Sasa... wanangu. Tuseme yameisha. Tarehe ya harusi—"

"Mjomba, shikamoo, na samahani," Yasmini alimkatiza. "Leo nilikuja kuvunja. Sivunji. Lakini pia siolewi. Harusi ikae palepale ilipo mpaka wifi aonwe na daktari. Na atakayempeleka ni huyu," akamwonyesha Kaimu kwa kidole bila kumwangalia. "Siyo mama, siyo mimi. Yeye. Akishindwa kumpeleka dada yake aliyezaliwa naye, mimi atanipeleka wapi?"

"Nitampeleka," Kaimu alisema.

"Sikukuuliza wewe. Nimemwambia mjomba. Wewe utaonekana kwa vitendo."

Siku ya kliniki ya Daktari Jenifa, walikuwa watatu kwenye benchi la hospitali. Zuhra katikati, kavaa gauni la kijani aliloshona tangu akiwa kwa mumewe na hajawahi kulivaa. Kaimu upande mmoja, viatu vyeusi safari hii, na kapu la chakula mapajani. Yasmini upande wa pili. Hawa wawili walikuwa hawajasemezana tangu washuke stendi asubuhi ile.

"Mpaka lini mtaongea kupitia kwangu?" Zuhra aliuliza. "Mimi siyo mnara wa simu."

"Mwambie kaka yako kapu linavuja mchuzi," Yasmini alisema.

"Mwambie wifi yako naona," Kaimu alijibu. "Na mwambie nampenda."

"Hilo mwambie mwenyewe, mimi naona kichefuchefu na mlivyo."

Daktari Jenifa alikuwa ameshamwonya Zuhra kwa simu kwamba inaweza kuwa ugonjwa uleule, inaweza kuwa mwingine, hataotea, atapima. Zuhra aliliona hilo neno tamu kuliko asali. Atapima! Nesi akafungua mlango, akamwita kwa jina. Zuhra akainuka. Kaimu akainuka naye, kapu na mchuzi wake.

"Wewe nani?" nesi alimuuliza.

"Kaka yake."

"Wanaume wanabaki nje. Humu tunaongea mambo ya kike."

"Dada nesi, nje nimekaa maisha yangu yote. Sikusikia kitu."

Nesi akamtazama Zuhra, kwa kuwa ndiye mgonjwa. Zuhra akafikiri, akamkazia macho kaka yake mpaka Kaimu akaangalia sakafu.

"Aingie," alisema. "Asikie yote. Akitaka kuzimia azimie humuhumu, madaktari wapo."

Akatangulia ndani. Kaimu akasimama kizingitini, akageuka. "Yasmini, unanisubiri?"

Yasmini akamnyang'anya lile kapu, akaliweka benchini pembeni yake, mchuzi ukamdondokea kwenye dera, naye hakujali.

"Ingia kwanza," alisema. "Harusi ni siku gani, tutaongea ukitoka."